Viazi Vyetu Vinapotutia Aibu Mezani

Wahenga walinena kwamba kinyozi hajinyoi. Kauli hiyo niliishi nayo kwa miaka mingi bila kuing'amua, kwani baba yangu mzazi amelima viazi katika nyanda za juu za Molo tangu mimi nikiwa wa kubebwa mgongoni, na hadi mwezi wa Januari mwaka huu hakuwa ameonja kibanzi hata kimoja. Viazi alivijua vya kuchemshwa, vya kuchanganywa na maharagwe, vya kupondwa pamoja na mahindi na majani ya maboga vikawa mukimo, na vya kufukiwa katika majivu ya moto wakati wa kupalilia. Vibanzi, au chipsi kama tunavyoviita sote tunapokuwa na njaa, aliviona kuwa ni chakula cha watu wa mjini wasio na subira ya kungojea sufuria.

Alikuwa ameteremka Nakuru kupimwa macho. Tangu mama alipotutoka miaka michache iliyopita, mzee hujipikia mwenyewe, na kupika kwake ni chai na viazi vya kuchemsha, asubuhi na jioni. Mke wangu alipomwona jinsi alivyokonda, alishauri tumpeleke mahali akaketi na kuhudumiwa kama mtu mwenye watoto. Nami nikaichagua hoteli moja katikati ya mji huu wetu, ambao tarehe 1 Desemba 2021 ulipandishwa hadhi ukawa jiji. Jina la hoteli hiyo nitalisitiri. Sifanyi hivyo kwa hofu, bali kwa kuwa msomaji akitazama upande wa pili wa barabara yoyote ya mji wowote wa nchi hii ataiona nyingine kama hiyo.

Tulikuwa watu watano: mzee, mke wangu, watoto wetu wawili na mimi. Niliagiza kuku na vibanzi kwa wote, maana nilitaka mzee ajue mavuno yake hufika wapi yakishapakiwa lorini. Tulikaa kitako kwa muda wa kutosha mtu kwenda Njoro na kurudi. Hatimaye sahani zikaja.

Nisamehe, msomaji, nikizieleza sahani zile kwa kirefu, kwani hoja yangu yote imelala humo. Vibanzi vilikuwa vimelala ubavu kwa ubavu kama wagonjwa wa wodini. Ncha zake zilikuwa nyeusi na katikati vilikuwa vyeupe, teketeke, na chini yake mafuta yalikuwa yamefanya kidimbwi ambamo kachumbari ya jana ilikuwa ikiogelea. Kuku alikuwa mkavu nje kama gome la mti, ilhali karibu na mfupa alikuwa bado na wekundu. Watoto, ambao kwa kawaida hugombania vibanzi hata kabla ya sahani kutua, walitazamana.

Mzee alichukua kibanzi kimoja kwa vidole viwili, akakiinua kuelekea dirishani kwa kuwa macho yake yalikuwa na dawa. Kibanzi kikapinda, kikaning'inia kama kamba iliyolowa. Akamwita mhudumu kwa adabu kubwa.

"Mwanangu, viazi hivi mmevitoa wapi?"

"Sokoni, mzee."

"Ni vya Molo?"

"Nadhani ni vya Molo, mzee. Vingi hutoka huko."

Akatikisa kichwa, akamshukuru. Kisha akaniinamia na kusema kwa sauti ya chini, "Hivi vimeng'olewa kabla ya kukomaa. Na aliyevipika hakuwa na haja navyo." Hata hivyo alivila vyote, kwa sababu mtu aliyelima hatupi chakula, nami niliona haya zaidi kwa kumwona akimaliza kuliko ambavyo ningeona lau angeisukuma sahani kando. Nilipoletewa hesabu nikapiga yangu pia. Sahani zile tano hazikubeba viazi vya kutimia kilo mbili, lakini bei yake ingetosha kununua magunia mawili shambani kwake msimu ule wa mavuno.

Njiani kurudi nyumbani ndipo alipolitamka lile lililonikosesha usingizi. Alisema amekusudia kuacha viazi. Shamba atalikodisha nusu, na nusu nyingine ataipanda mikaratusi, kwa kuwa mikaratusi haihitaji dawa ya ukungu wala haimsubiri dalali. "Kama kule mwisho wa safari ndiko huku," akasema, "basi heri miti."

Ili msomaji asimdhanie mzee huyu kuwa ni mwepesi wa kukata tamaa, yampasa ajue aliyoyavuka. Vurugu za 1992 zilipita mlangoni pake, na zile za mapema 2008 zilimwondoa kwa miezi kadhaa; mara zote mbili alirudi, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kutafuta mbegu ya viazi. Kiazi kina bahati hiyo ya kumfaa mtu aliyeanza upya: baada ya miezi mitatu au minne umekwisha kuvuna. Si ajabu kwamba zao hili, ambalo asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini na lililofikishwa hapa kwetu na wageni mwishoni mwa karne ya 19, leo ni la pili kwa umuhimu nchini kama chakula baada ya mahindi. Nyandarua, Nakuru, Meru, Bomet na Elgeyo Marakwet zinategemea viazi kama Pwani inavyotegemea mnazi.

Lakini soko lake ni la kumtoa mtu machozi. Aina iliyotawala siku hizi ni Shangi, na mkulima huipenda kwa sababu hukua upesi na huzaa sana, naye mpishi huipenda kwa sababu huiva haraka. Kasoro yake ni moja: haijui kulala. Wiki chache baada ya kung'olewa inaanza kuchipua, na kwa sababu hiyo mkulima asiye na ghala la baridi hawezi kungojea bei ipande. Huuza siku ile ile, kwa bei ile ile aliyotajiwa. Kisha kuna gunia. Kanuni zilizotolewa 2019 zilitaka kiazi kiuzwe kwa gunia lisilozidi kilo 50. Pamoja na hayo, gunia lenye kilemba, lile ambalo jirani zetu Watanzania huliita lumbesa, limeendelea kupandishwa malorini mchana peupe, na kilemba hicho ni jasho la mtu lisilolipwa.

Na hapa yafaa nimkumbushe msomaji kelele tulizopiga mapema Januari 2022. Kampuni ya KFC, yenye asili ya Marekani, ilitangaza kwamba migahawa yake nchini Kenya imeishiwa na vibanzi kwa kuwa shehena kutoka ng'ambo ilikuwa imechelewa baharini. Wakenya walipandwa na ghadhabu. Iweje mtu aagize viazi kwa meli ilhali viazi vinaoza Nyandarua na Molo? Walitaka kampuni hiyo isusiwe. Wenyewe walijitetea kuwa kila anayewauzia sharti kwanza apasi ukaguzi wao wa ubora. Nilikuwa miongoni mwa waliokasirika, na sijutii. Ila baada ya ile sahani ya Januari nimekuwa nikijiuliza swali lisilopendeza: sisi tuliowakemea wageni kwa kuvikataa viazi vyetu, tumewahi kumkemea nani kwa kuviharibu? Hoteli ile haikuagiza chochote kwa meli. Ilinunua viazi vya jirani, ikavitendea kama takataka, nasi tukalipa na kusema ahsante.

Mzee alikuwa arudi kwa daktari baada ya wiki tatu. Nikaamua kwamba katika wiki hizo tatu nitaipika sahani ile ile jikoni kwangu, kuku na vibanzi na kachumbari, hadi itoke kama ilivyostahili kutoka. Mke wangu alicheka sana. Mimi si mpishi. Kwangu mimi karai ni chombo cha kuchanganyia saruji.

Jaribio la kwanza lilifanyika Jumamosi, na nathubutu kusema lilifanikiwa kupita kiasi: niliiga hoteli barabara. Nilivitoa viazi katika friji, nikavimenya, nikavikata, nikavimimina vyote kwa pamoja katika mafuta, nikafunika kwa kifuniko ili viive upesi, kisha nikavitia katika bakuli na kuvifunika tena visipoe. Vilitoka na ncha nyeusi, tumbo jeupe na kidimbwi. Mwanangu wa pili aliuliza kama nimeleta vilivyobaki vya siku ile.

Basi nikaanza kuuliza na kusoma, na nikagundua kwamba kila kosa la sahani ile lina sababu yake, na hakuna hata moja ambayo ni siri. Ule weusi wa ncha ulitokana na sukari. Kiazi kikiwekwa mahali pa baridi kali kama friji, wanga wake huanza kugeuka sukari, na sukari ikikutana na mafuta ya moto huungua kabla ndani hakujaiva. Kiazi kilichong'olewa kichanga nacho kina sukari nyingi na maji mengi kuliko kilichokomaa. Kwa hiyo mzee hakuwa akibahatisha alipokitazama kibanzi kile dirishani. Alikisoma kama daktari asomavyo picha ya kifua. Ule utepetevu ulitokana na maji na mvuke: maji ya kiazi ambacho hakikukaushwa, na mvuke wa kifuniko ambacho mimi mwenyewe nilikiweka kwa nia njema. Na kile kidimbwi kilitokana na pupa. Ukimimina viazi vingi kwa mkupuo, mafuta hupoa ghafla, na kiazi kilicho katika mafuta vuguvugu hakikaangiki, hunywa.

Wabelgiji, ambao hadi leo wanabishana na Wafaransa kuhusu nani aliyevumbua vibanzi, hukaanga mara mbili, na hilo ndilo lililonifungua macho. Mara ya kwanza mafuta huwa ya moto wa wastani, nyuzi 150 hivi, na lengo ni kukiivisha kiazi bila kukibadilisha rangi. Kisha huvitoa, huviacha vipumzike na kutoa mvuke wake, na baadaye huvirudisha katika mafuta makali ya nyuzi 180 au zaidi kidogo kwa dakika mbili tatu tu, hadi ganda liwe la dhahabu na lilie likivunjwa. Mimi sina kipimajoto. Mke wangu alinifundisha kutumbukiza ncha ya mwiko wa mti: vipovu vikija kwa uvivu, ndiyo mara ya kwanza; vikija kwa ugomvi, ndiyo ya pili.

Jaribio la pili nililoweka viazi katika maji baridi nusu saa, nikabadilisha maji hadi yakawa maangavu, maana ule utando mweupe ni wanga unaofanya vibanzi vigandane. Nikavikausha kwa kitambaa safi, kimoja kimoja, kazi ambayo inampa mtu nafasi ya kufikiri. Nikakaanga kidogo kidogo. Vilikuwa vizuri, lakini bado havikuwa na mwili. Ndani mlikuwa na unyevu fulani. Kosa halikuwa langu tena. Kilikuwa kiazi. Nilivinunua katika soko la Wakulima kwa mama mmoja ambaye, nilipomrudia kulalamika, alikiri bila kusitasita kwamba bei ilipopanda wiki ile wakulima waling'oa mapema. Alikwaruza kimoja kwa ukucha, ganda likatoka kama karatasi. "Ganda likitoka hivi," akaniambia, "ujue kiazi kilikuwa bado kinanyonya."

Hapo ndipo hoja yangu ilipoanza kunigeukia. Nilikuwa nimekuja na hatia yote nimeshaikabidhi hoteli, na sasa sehemu yake ilikuwa ikirudi shambani, kwa watu kama baba yangu. Mkulima ambaye bei ya wiki ijayo haijui hung'oa leo. Dalali haulizi kama kimekomaa, anauliza kama gunia limejaa. Mwenye hoteli haulizi aina, anauliza bei. Mpishi, ambaye mshahara wake ni wa kumwezesha kurudi kazini kesho na si zaidi, amepewa karai moja, gesi ya kupimiwa na mafuta ya juzi. Lau tungemuuliza kwa nini hakaangi mara mbili angetuonyesha wateja arobaini wanaogonga meza. Isitoshe, mafuta ya kula yalipanda bei mno 2022 baada ya vita vya Ukraine kuanza, na wengi waliojifunza wakati ule kuyatumia hadi yawe na rangi ya chai ya rangi hawajaacha tabia hiyo. Hayo nayaelewa. Nisiloelewa ni lile sanduku la kioo lenye taa, ambamo vibanzi vilivyokaangwa saa tatu asubuhi vinangojea mteja wa saa nane. Huko si kubana matumizi. Huko ni kumwambia mteja kwamba hajui tofauti.

Na pengine hatujui. Nimekula vibanzi vya namna hiyo Naivasha, Gilgil na Salgaa kwa miaka thelathini, nikidhani ndivyo vilivyo. Hebu fikiria, msomaji: nyama choma hatuikubali vivyo hivyo. Mkenya anayesimama Kikopey huingia hadi kwenye bucha, huchagua paja kwa kidole, husimama karibu na moto na kumkaripia mchomaji. Kwa nyama sisi ni majaji. Kwa viazi ni mayatima. Tunapokea tunachopewa, tunamimina tomato sosi juu yake ili tusikione, na tunaondoka.

Kuku sitamzungumzia sana, kwa kuwa tatizo lake lilikuwa dogo. Alihitaji kuchemshwa kwanza kwa tangawizi, vitunguu saumu na chumvi, polepole, hadi nyama ilegee mfupani, ndipo akaangwe kwa muda mfupi. Kachumbari nayo ilihitaji kukatwa siku ile ile. Ni hayo tu.

Mzee alirudi siku ya Alhamisi kwa matatu ya asubuhi, akiwa na kifuko begani. Nilikuwa nimempigia simu na kumweleza kisa cha ganda lililotoka, na nadhani lilimchoma. Ndani ya kifuko mlikuwa na viazi vyekundu, vigumu kama mawe ya mtoni, ambavyo ukucha haukuvitia hata alama. Ni ile aina ya zamani iitwayo Dutch Robijn, ambayo watengenezaji wa krispi waliipenda tangu zamani kwa ukavu wake. Alisema amekuwa akiipanda mistari michache nyuma ya nyumba miaka yote, kwa kuwa mama aliipenda, na kwamba haiuzi kwa sababu madalali siku hizi wanataka Shangi pekee. Sikuwa nikilijua jambo hilo. Nimekula viazi vya mistari ile kila Krismasi ya maisha yangu, na sikuwahi kuuliza.

Alikataa kuketi sebuleni. Alivuta kigoda mlangoni mwa jikoni, macho yake yakiwa yamefunikwa na miwani myeusi aliyopewa na daktari, akawa anasikiliza. Nilipovitumbukiza mara ya pili na mafuta yakaanza kugombana, akasema, "Hapo." Nikavitoa, nikanyunyiza chumvi vikiwa bado vinatoa sauti, nikamkabidhi sahani kabla sijamwekea mtu mwingine yeyote.

Akachukua kimoja kwa vidole viwili, kama siku ile. Safari hii hakikupinda. Alikivunja karibu na sikio lake, akasikiliza, kisha akala. Watoto walikuwa wamesimama kama mashahidi mahakamani. Alikula sahani nzima bila neno, akairudisha kwangu ikiwa tupu, akauliza, "Guka wenu hastahili nyingine?" Wajukuu wakapiga kelele. Mke wangu aligeuka upande wa dirisha akajifanya anatafuta kitambaa.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba sahani mbili za vibanzi zilibadilisha hesabu ya shamba. Bei ya gunia haikupanda jioni ile. Nusu ya shamba amekwisha kuikodisha, na mikaratusi imepandwa kwenye mteremko wa juu, ambako hata hivyo udongo ulikuwa umechoka. Lakini robo ekari iliyo nyuma ya nyumba ameibakiza, na mvua za Machi zilipoanza aliipanda yote ile mbegu nyekundu. Kijana mmoja wa Elburgon mwenye kibanda cha vibanzi kando ya barabara amekubali kujaribu magunia mawili ya kwanza, kwa kilo na si kwa kilemba, mradi yakae ardhini hadi ganda lishike. Mzee alimtembelea kibandani kwake kwanza, akamtaka afungue karai aone rangi ya mafuta.

Juzi usiku simu yangu ililia nikiwa nimekwisha kulala. Alikuwa yeye. Alikuwa amenunua karai dogo pale Molo mjini, viazi vimelowekwa tangu jioni, na jiko limewaka. Alitaka kujua kama ni lazima kuvikausha kimoja kimoja, au kama mtu anayekula peke yake anaweza kuvikung'utia tu ndani ya kitambaa.